Tangu tumzike kaka yangu ninatulizwa na nyimbo za huzuni tu: je, ninajizamisha?

Binti wa Alego (mleta uzi), Nakuru

Wanajukwaa, salaam. Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu wa nyuzi za wenzangu, na leo ninaanzisha wa kwangu kwa sababu kuna jambo ambalo nimeshindwa kulizungumza na watu wa karibu bila wao kunitazama kwa wasiwasi.

Mwezi wa Machi tulimzika kaka yangu, ambaye ndiye aliyenilea hapa Nakuru tangu nilipokuja kuanza kidato cha kwanza. Tuliuchukua mwili mochari saa tisa za usiku, tukapita Mau Summit gizani na Kericho katika ukungu, na tulipofika Kisumu wenye vibanda ndio kwanza walikuwa wanafungua. Kutoka hapo tukaendelea hadi nyumbani, Alego, huko Siaya. Watu walijaa chini ya mahema, kwaya tatu ziliimba, na mimi sikudondosha hata chozi moja. Nilikuwa nikihesabu sahani, kwa sababu mtu fulani alikuwa amesema zimepungua.

Kilio kilinijia wiki tatu baadaye, nikiwa jikoni kwangu. Kaka alikuwa akiimba besi katika kwaya ya kanisa letu, na katika simu yangu nina rekodi ya mazoezi ya jioni moja, ambayo mtu aliirekodi kwa kuiacha simu juu ya benchi. Si rekodi safi: benchi linaburutwa, mtoto analia nje, na kabla ya ubeti wa pili kaka anakohoa mara mbili. Wimbo wenyewe ni ule wenye kiitikio cha “Ni salama rohoni mwangu”, ambao kila aliyewahi kukaa chini ya hema la matanga anaujua. Ninausikiliza kila usiku nikishaosha vyombo, nikiimba sehemu yangu ya alto pale pale kwenye sinki. Ninalia, kisha ninapata usingizi ambao siupati nisipousikiliza.

Akina dada wa kikundi changu cha maombi, ambao wamenitendea wema mwingi ambao siwezi kuulipa, wananishauri niifute rekodi hiyo na badala yake niweke nyimbo za sifa zenye makofi na vigelegele. Nimejaribu. Nyimbo za furaha zinanifanya nijione kama mtu aliyejikuta harusini akiwa na nguo za shambani na jembe mkononi. Naomba mnieleze, ninyi mliokwisha kufiwa: kwa nini wimbo wa huzuni umtulize mtu mwenye huzuni? Na je, ninajitibu au ninajizamisha?

Mzee wa Kanisa, Kakamega

Pole sana, binti yangu. Nitasema kinyume cha utakachosikia kwa wengi, na usinikasirikie. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekwenda kuwafariji wafiwa nyumbani kwao, baada ya mahema kung'olewa na viti kurudishwa, na nimemwona mama mmoja aliyeisikiliza sauti ya mwanawe aliyekufa asubuhi na jioni mpaka akaacha kwenda shambani, akaacha kuhudhuria chama, na mwishowe akaacha kufungua mlango. Chumvi hukoleza mchuzi, lakini hakuna ainywaye kwa kikombe. Akina dada hao wanakupenda. Usiifute rekodi, ila mpe mtu mwingine akutunzie kwa miezi michache.

Rumba ya Kondele, Kisumu

Pole, dada. Mimi si mtu wa kwaya. Baba yangu alipofariki, nilisikiliza wimbo mmoja tu wa Franco, yule mwanamuziki wa rumba wa Kongo, “Kinsiona”, alioutunga baada ya mdogo wake, Bavon, kufa katika ajali ya gari mwaka 1970. Sielewi Kikongo na sikumwomba mtu anitafsirie. Nilijua tu kwamba mtu mkubwa kama yule, aliyekuwa na bendi kubwa na magitaa yanayochezesha bara zima, naye alifiwa na ndugu yake akakaa chini, na hilo lilinitosha.

Mwalimu wa Kwaya, Kisumu

Dada, pole kwa msiba. Nimefundisha kwaya kwa miaka kumi na minane na nimeuongoza wimbo huo makaburini mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, hivyo niruhusu nikueleze kwa upande wa ufundi kwa nini rekodi hiyo inakushika namna hiyo.

Sikiliza jinsi kiitikio kilivyotungwa. Sauti za kike hutangulia na maneno machache, kisha sauti za kiume, yaani tenori na besi, huyarudia maneno yale yale nyuma yao. Wanawake wakisonga mbele, wanaume wanafuata tena, hadi sauti zote nne zikutane mwishoni. Ni wimbo wa kujibizana. Unapoimba alto yako pale kwenye sinki, kaka yako anakujibu, na anakujibu kwa wakati wake, bila kuchelewa. Picha haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa picha haikungoji umalize zamu yako ndipo iseme. Ninashuku kwamba hicho ndicho unachokifuata kila usiku, zaidi ya maneno na zaidi ya huzuni yenyewe.

Kisha kuna pumzi, jambo ambalo watu wasioimba hawalifikirii. Mtu anayelia kwa kwikwi huvuta pumzi fupi fupi zinazoishia juu ya kifua. Wimbo wa taratibu wenye mistari mirefu humlazimisha avute pumzi hadi kwenye mbavu za chini na kuitoa kidogo kidogo, la sivyo mstari utamkatikia katikati. Ndiyo maana katika matanga utawaona akina mama wakianza ubeti wa kwanza kwa sauti zilizovunjika, na wakifika wa tatu sauti zimekaa. Mimi mwenyewe nikiwa kaburini huushusha wimbo toni moja, wakati mwingine moja na nusu, kwa sababu koo lililokesha likilia halifiki juu, na hakuna aibu mbaya kama kumwacha mjane akitafuta noti asiyoweza kuifikia mbele ya watu.

Na huyo aliyeyaandika maneno hakuwa mtu mwenye raha. Horatio Spafford alikuwa wakili wa Chicago, na mabinti zake wanne walikufa maji Novemba 1873 wakati meli Ville du Havre ilipogongana na nyingine katika Atlantiki. Mkewe, Anna, aliokolewa na kumtumia simu ya maandishi kwamba ameokoka peke yake. Philip Bliss alitia muziki mwaka 1876, na kabla ya mwaka huo kuisha yeye naye akafa katika ajali ya treni huko Ashtabula, Ohio. Kwa hiyo ninapowasikia watu wakisema kwamba huo ni wimbo wa mtu aliyekwisha kupata amani, huwa ninatikisa kichwa. Nionavyo mimi, mwandishi alikuwa anajibishana na nafsi yake, na kama nafsi ingekuwa imekwisha kukubali asingehitaji kuirudia kauli hiyo mara nyingi hivyo.

Binti wa Alego (mleta uzi), Nakuru

Mwalimu, nimekusoma nikiwa dukani nikalazimika kumwomba mteja anisubiri. Sikuwahi kulitambua jambo hilo la kujibizana, ingawa nimeimba alto tangu nikiwa shule ya msingi. Usiku huu nimeisikiliza tena nikiwa nimenyamaza, bila kuimba sehemu yangu, na kweli haikunigusa vile. Ilikuwa kwaya tu inayofanya mazoezi.

Mzee wa Kanisa, sikukasirika. Duka ninalifungua kila siku saa mbili kamili, na chakula ninakula, ingawa sijui ladha.

Jaduong' wa Seme, Kisumu

Mos, nyathina, yaani pole, mwanangu. Ninyi vijana mnauliza kwa nini wimbo wa huzuni hutuliza kana kwamba ni jambo geni, ilhali wazee wetu waliligeuza kuwa kazi yenye utaratibu wake.

Nilipokuwa mtoto, msiba ulitangazwa kwa nduru, ile sauti kali ya juu inayopokelewa boma hadi boma, na baada ya hapo ilianza dengo, maombolezo yenyewe. Nimemwona shangazi yangu akirudi kutoka alikoolewa kuja kumlilia kaka yake. Hakuanza nyumbani, alianza mbali, njiani, na alipofika langoni mikono ilikuwa kichwani. Aliingia akikimbia, akazunguka boma akimwita marehemu kwa majina yake ya sifa, akaitaja mito aliyowahi kuvuka na ng'ombe aliowahi kuwalisha, kisha akamgeukia na kumlaumu kwa kumwacha yatima uzeeni. Hakuna aliyemnyamazisha. Watu walimpisha njia. Na alipomaliza, nyathina, alimaliza: alijifuta uso kwa leso, akaomba maji, akanywa yote, kisha akauliza ni nani anayepika na kama kuni zinatosha.

Baadaye usiku alikuja mpiga nyatiti. Wageni wa jukwaa wasioijua, ni chombo chenye nyuzi nane, na mpigaji hukaa juu ya kigoda kifupi, amevaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu ambayo huigonga nayo fremu kuweka mapigo, na njuga mguuni. Aliimba habari za marehemu na za ukoo, mtu akitaka kusema neno alitoa pesa, muziki ukasimama, akajisifu na kumsifu marehemu, na hiyo ndiyo tunaita pakruok. Watu walicheka, wakalia, wakacheka tena katika wimbo ule ule. Asiwepo wa kusema kwamba huzuni ya Waluo haina kicheko ndani yake.

Hata hivyo kuna jambo moja katika habari yako linalonisumbua, na si wimbo. Mwalimu amesema vizuri kwamba wimbo huo ni wa kujibizana, lakini shangazi yangu alijibiwa na boma zima, na wewe unaimba kwenye sinki mlango ukiwa umefungwa. Oktoba 2025, alipofariki Raila Odinga, mwili wake ulipoletwa Kisumu watu walifurika uwanja wa Mamboleo wakiimba na kulia, wengi wao wakiwa hawakuwahi kumpa mkono hata siku moja, na walirudi nyumbani wamechoka lakini wamepoa. Ninakuuliza: mama yako huko Alego ameisikia rekodi hiyo?

Mwana wa Shinyalu, Kakamega

Ninawaheshimu wote waliotangulia, ila naona kama tumekubaliana bila mjadala kwamba wimbo wa msiba lazima uwe wa taratibu. Kwetu Isukha na Idakho, mzee akifa, ngoma za isukuti huja mbio. Ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe la swara na manyanga ya chuma, na mapigo yake yale yale utayakuta kwenye harusi na kwenye sherehe za kuzaliwa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, kwa sababu wapigaji wanazeeka na vijana wanaofuata ni wachache. Babu yangu alipofariki, fahali waliletwa bomani, vumbi likapanda, na mimi nililia zaidi katika vumbi lile kuliko nilivyolia katika ibada nzima. Mwili ukitikisika, machozi yanapata njia. Kwa hiyo tatizo la nyimbo za furaha ulizopewa, dada yangu, huenda si kasi yake. Huenda ni kwamba hazimtaji mtu wako.

Binti wa Alego (mleta uzi), Nakuru

Mwana wa Shinyalu, umegusa penyewe. Nyimbo zile zingeweza kuwa za mtu yeyote siku yoyote. Ila nikuulize: isukuti ingepigwa kwa mtu wa miaka thelathini na tisa aliyeacha watoto wadogo wawili?

Mwana wa Shinyalu, Kakamega

Isingepigwa vile. Mzee aliyekula chumvi nyingi husindikizwa kwa shangwe kwa sababu amemaliza safari yake. Kijana huzikwa watu wakiwa wameinamisha vichwa. Nisamehe, nilisema kwa haraka.

Jirani wa Mbale, Vihiga

Niongeze moja kuhusu kelele. Usiku wa kuamkia mazishi ya baba yangu, binamu zangu walikodi jenereta na spika za disko matanga ili kuchangisha pesa, na hadi saa kumi alfajiri vijana ambao hawakumjua walikuwa wakicheza hatua tano kutoka kwenye jeneza. Ninajua kwamba chifu hupiga marufuku na kwamba marufuku hayo hayamtishi mtu ikishafika usiku wa manane. Pesa zilipatikana, sikatai, na ndizo zilizolipa mchele. Lakini hadi leo wimbo mmoja kati ya zile ukipigwa ndani ya matatu, ninashuka.

Mtoto wa Bondeni, Nakuru

Dada, Mwenyezi Mungu akupe subira. Sisi Waislamu hatuimbi makaburini, na kilio cha kupasua nguo na kujipiga kimekatazwa, ingawa machozi hayajakatazwa. Tuna siku tatu za kupokea rambirambi, tunasoma Yasini, na wanaofuata desturi za pwani husoma tena siku ya arobaini. Hata hivyo nimekuelewa kabisa, kwa sababu usomaji wa Kurani wa taratibu, wenye ile sauti inayopanda na kukaa kidogo juu kabla ya kushuka, hunifanyia mimi kile ambacho wimbo wako unakufanyia wewe. Simaanishi kwamba Kurani ni wimbo. Naomba nisieleweke vibaya.

Ninachotaka hasa kukuambia ni hiki. Marehemu baba yangu aliisoma Yasini kwenye kanda mwaka 1994, na kanda hiyo ipo kabatini kwa mama, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Hakuna anayeisikiliza kwa sababu tulingoja mno: redio iliharibika, tulipopata nyingine iliimeza kanda, na sasa kuna sauti dakika chache tu na baki yote ni mlio wa upepo. Toa nakala ya rekodi yako leo. Itume kwa barua pepe yako mwenyewe, iweke kwenye memori kadi, mpe na mtu unayemwamini. Simu za mjini huibwa.

Mpenda Vitabu, Njoro

Kwa wanaopenda kujua utafiti unasemaje: mwaka 2014 Liila Taruffi na Stefan Koelsch walichapisha matokeo ya kuwahoji watu 772, kupitia mtandao, kuhusu muziki wa huzuni. Hisia waliyoitaja mara nyingi zaidi walipousikiliza haikuwa huzuni yenyewe. Ilikuwa ile shauku tamu na chungu ya kukumbuka yaliyopita. Wengi walisema pia kwamba huusikiliza ili kuituliza mioyo yao, na kwamba huzuni ya muziki ina unafuu kwa kuwa haiwadai chochote katika maisha halisi.

Yupo na mtaalamu mwingine, David Huron, aliyependekeza kwamba muziki wa huzuni huufanya mwili utoe prolaktini, homoni ya mama anayenyonyesha, kana kwamba umepatwa na msiba wa kweli, na kwa kuwa hakuna msiba, mtu hubaki na faraja mkononi bila kidonda. Ni dhana inayovutia ila bado inabishaniwa, na kwa upande wangu naiona haimfai mleta uzi, kwa sababu yeye kidonda anacho. Hata wale 772 wengi hawakuulizwa wakiwa wamefiwa juzi. Tusiukate utafiti kama kitambaa ili utoshee kila mwili.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku, Kisumu

Nimekuwa nikiusoma uzi huu katikati ya zamu. Dada, mimi si daktari wako, lakini nitakupa kile ambacho huwa ninawaambia ndugu wa wagonjwa wanaporudi kuchukua mizigo iliyobaki.

Majonzi si ugonjwa. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linatambua majonzi yaliyorefuka kupita kiasi: yaani kumtamani marehemu kila siku kwa uchungu mkali, kwa zaidi ya miezi sita, na kupita kile ambacho jamii ya mtu huyo inakichukulia kuwa kawaida, kiasi cha kumzuia kufanya kazi na kuishi na watu. Kwa hiyo nisingehesabu ni mara ngapi unausikiliza wimbo. Ningeuliza, ukishaisha unafanya nini? Wewe umesema unalala, na asubuhi unafungua duka. Yule mama aliyesimuliwa na Mzee wa Kanisa, wimbo ulipoisha aliuanza upya. Mkijikuta mmefika huko, au mtu akianza kusema kwamba afadhali amfuate marehemu, hapo si pa kujadili nyimbo. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Ukweli ni kwamba kilichobaki kukurudia ni ladha ya chakula. Hiyo hurudi. Kwangu ilirudi kwa omena, sijui kwa nini.

Rumba ya Kondele, Kisumu

Muuguzi amenifanya nicheke kwa mara ya kwanza wiki hii.

Nimekumbuka pia wimbo “Kothbiro” wa marehemu Ayub Ogada, aliyefariki Februari 2019 hapa hapa Nyahera. Watu wa nje waliousikia katika filamu ya mwaka 2005 huufikiria kuwa ni maombolezo, na ukiwaambia kwamba ni mtu anawaita watoto wawarudishe ng'ombe nyumbani kwa kuwa mvua inakuja, hawaamini. Lakini mimi baada ya baba kufa, naye ndiye aliyekuwa akituita hivyo jioni, nilikubaliana nao. Wakati mwingine asiyeijua lugha hutangulia kufika.

Mzee wa Kanisa, Kakamega

Nimewasoma wote. Swali la Muuguzi ni bora kuliko onyo langu, na ninakiri kwamba nilimpima binti huyu kwa kipimo cha mtu mwingine. Ninalobaki nalo ni lile la Jaduong': usiimbe peke yako. Hata Thomas Dorsey, mwaka 1932, mkewe alipofariki akijifungua huko Chicago naye akiwa safarini, na mtoto naye akafa muda mfupi baadaye, aliuandika ule wimbo wake wa kumwomba Bwana amshike mkono, na ulipokwisha kuandikwa haukubaki chumbani mwake. Ulikwenda kwa waimbaji, na mwaka 1968 Mahalia Jackson akauimba kwenye mazishi ya Martin Luther King. Kanisa lenu bado lina kwaya, binti yangu. Nafasi yako katika alto ipo?

Binti wa Alego (mleta uzi), Nakuru

Wazee wangu, walimu wangu, dada na ndugu zangu, samahani kwa kukaa kimya kwa siku tisa.

Nafasi ipo. Nilikwenda mazoezini Jumatano na nikakaa, ila hatukuuimba wimbo ule na sikuuomba. Katika safu ya besi wamejisogeza, pengo halionekani tena, jambo lililoniuma kuliko nilivyotarajia, ingawa najua kwamba watu hawawezi kuimba wakiwa wameacha nafasi katikati kama meno ya mtoto.

Mtoto wa Bondeni, nakala nimetoa, tatu.

Jaduong', swali lako kuhusu mama lilinikosesha usingizi, kwa sababu jibu lilikuwa hapana. Nilimficha. Nilijiambia kwamba ninamlinda, na huenda ilikuwa wivu tu, kwamba kikohozi kile kilikuwa changu peke yangu. Mama hutumia simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, kwa hiyo Jumamosi nilipanda gari hadi Siaya na memori kadi katika pochi, tukaitia kwenye kile kiredio chake cha sola anachosikilizia Ramogi FM na matangazo ya vifo. Nilimwambia tu kwamba ni kwaya ya Nakuru. Alikuwa akichambua kunde, ungo ukiwa mapajani.

Ubeti wa kwanza aliendelea kuchambua. Kiitikio kilipoingia, mikono ilisimama, kwa sababu sauti ile angeijua hata kisimani, na mimi nikaanza alto yangu, kwa kuwa sikujua jambo jingine la kufanya. Wanaume wakajibu. Kisha kimya kile kifupi cha kabla ya ubeti wa pili, benchi likaburutwa, na kaka akakohoa mara mbili.

“Mos,” mama akamwambia, bila kuinua kichwa, kama anavyomwambia mtu aliye chumba cha pili, na akarudi kwenye kunde zake.